Nkambo aliuliza: ule mutu ni mwanaume ao mwanamuke?

Kwetu wakati umeme unakatika, binti yangu anasoma kitabu kwa mwangaza wa telefone, na sisi wote tunasikiliza. Vitabu vyake ni vya Kifaransa, lakini nkambo wake Kifaransa haelewe muzuri, basi mutoto anageuza papo hapo kwa Kiswahili. Mwezi uliopita alikuwa anasoma La Main gauche de la nuit, ya mama mumoja wa Marekani, Ursula K. Le Guin, mwenye alikufa mu 2018. Siku ya tatu, tukiwa na habari ya Estraven, waziri mukubwa mwenye mufalme alifukuza mu inchi, nkambo akamukata: "Mwana, ule Estraven ni mwanaume ao mwanamuke?"

Mimi nilikuwa nimekwisha kusoma kurasa za kwanza kwa Kifaransa, na nilijua: mwanaume. Kila mustari ni "il, il, il". Lakini nkambo alikuwa amesikia paka "alisema, alienda, akalala". Swali lake lilikuwa na akili kupita jibu langu, juu Estraven si mwanaume wala mwanamuke.

Kitabu kilitoka mu 1969. Kuko dunia moja ya barafu, Gethen. Watu wake, siku nyingi za mwezi, hawako upande wowote. Kisha siku chache mwili unageuka: mwezi huu kwa kiume, mwezi ule kwa kike, na mutu hachague. Mwenye amezaa watoto watatu anaweza kuwa baba wa wengine wawili. Mufalme mwenyewe anapata mimba! Mugeni anatoka huku kwetu duniani, Genly Ai, mutu mwenye ngozi nyeusi, na muda murefu anamuangalia kila mutu akijiuliza: huyu ni bwana ao bibi? Kwa sababu ya swali lile hamujui rafiki yake wa kweli.

Mimi mutu wa sendika nilisimama pa fasi mbili. Ya kwanza ni konje. Le Guin anaeleza kama siku zile za kugeuka hakuna mutu wa kulazimishwa kazi, hata awe na cheo gani. Na kwa sababu kila mutu anaweza kuzaa, hakuna patro wa kusema "ule simuandike kazi, kesho atapata mimba". Kwetu sheria inamupatia mama majuma 14, lakini tunajua namna kapita anamuangalia binti mwenye anakuja kutafuta kazi: macho yanaanza ku tumbo. Kule Gethen angepashwa kuangalia matumbo yote, na lake pia. Na ile habari ya kama mwanamuke akikaribia shimo mawe yanakimbia, nimeisikia tangu utoto. Mawe hayakimbie. Wamama njo wanabaki ku maji, wanasukula mawe kwa mafranga kidogo.

Fasi ya pili ni gereza. Genly anatupwa mu kambi ya kazi ya mbao, ndani ya baridi, wanamutia dawa mu mwili, na kambi ile wanaiita shamba la wenye kujitolea. Tulicheka sana pale, sisi wenye tumesaini makaratasi mengi. Estraven anakuja kumuiba, na wote wawili wanavuka barafu kwa miguu zaidi ya miezi miwili, wanakokota vyombo, chakula cha kupimwa, hema moja, jiko dogo moja. Ni kule Genly anakubali kumuona mwenzake muzima, pande zote mbili.

Wanawake wengi walimugombeza Le Guin: umeandika "yeye wa kiume" kila fasi, basi tunaona wanaume tu. Kwanza alijitetea, mu maandiko ya 1976. Miaka kumi hivi nyuma yake akarudilia maandiko yale yale na kutia majuto yake pembeni. Mbele ya hapo, mu 1975, hadisi yake ingine ya Gethen, Winter's King, alikwisha kuibadilisha: watu wote wakawa "yeye wa kike", lakini mufalme akabaki mufalme. Nimekaa mara mingi ku meza na wakubwa wa kompani; hakuna mwenye nilimuona anarudilia karatasi yake namna ile.

Wengine walifuata. Ann Leckie, mu Ancillary Justice ya 2013, anaita kila mutu kwa neno la kike. Martha Wells, mu All Systems Red ya 2017, anahadisia mulinzi mumoja, nusu nyama nusu mashini, mali ya kompani, wa kukodishwa. Si bwana si bibi, na hataki kuwa. Alivunja kile chombo ndani yake chenye kinamulazimisha kutii, na kisha anaangalia mafilme tu! Kijana wangu anamupenda kupita. Mimi nina neno: mbona kila mara ni mashini ao watu wa barafu? Rivers Solomon, mwenye yeye mwenyewe haji-iti mwanaume wala mwanamuke, aliandika An Unkindness of Ghosts mu 2017: chombo kikubwa kati ya nyota, watu weusi wako chini wanatumika, wenye wako juu wanakula. Hapo ni watu, na ni kazi.

Wafaransa waligombana mu 2021 wakati kamusi ya Robert ilitia neno "iel" ku intaneti. Sisi neno lile tunalo tangu mababu. Tusijisifu lakini. Kulikuwa kijana mumoja mu ekipe yetu, mubeba-mifuko. Kama ni bwana ao bibi hakusema, na hakutaka kusema. Tulimutungia jina la kumucheka, na mimi nilicheka. Siku moja hakurudi, na siku zake za mwisho hazikulipwa. Delege hata mumoja hakufuata ile habari, na mimi nilikuwa delege.

Binti aliniuliza jina lake. Lile la kweli lilikuwa ku liste ya malipo. Mimi najua lile la kicheko tu. Kama anasoma hapa, apite ku biro ya sendika asubuhi, siku yoyote ya kazi. Tutaandika barua ya ile deni.