Hofu ya Desemba

Shule zinapofungwa mwezi Desemba, wapo wasichana wa wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, wasiowaza sikukuu; wanawaza wembe wa ngariba. Huu ndio msimu wa ukeketaji, hasa katika miaka ambayo wazee wa mila wa koo za Wakurya wameruhusu sherehe hizo. Baadhi hutoroka na kukimbilia nyumba salama, kama zile za Masanga, Tarime, na Mugumu, Serengeti.

Madhara ya mwilini yamesemwa sana: kutokwa damu, maambukizi, uzazi wa shida. Ya akilini hayasemwi vya kutosha.

Mtu anapokabiliwa na hatari, sehemu ya ubongo iitwayo amigdala hulia kama king'ora. Adrenalini na kotisoli humwagika, moyo huenda mbio, misuli hukaza tayari kwa kukimbia. Lakini mtoto aliyeshikwa mikono na miguu hana pa kukimbilia. Kumbukumbu ya tukio hilo hubaki mbichi: miaka mingi baadaye, harufu, ngoma au kuuona tu wembe kunaweza kulirudisha kana kwamba linatokea sasa. Hufuata ndoto za kutisha, kushtuka ovyo na kushindwa kutulia darasani. Hicho ndicho kiwewe.

Mwaka 2005, Alice Behrendt na Steffen Moritz walichapisha utafiti uliolinganisha wanawake 23 waliokeketwa na 24 wasiokeketwa mjini Dakar, Senegal. Takriban asilimia 30 ya waliokeketwa walikuwa na ugonjwa utokanao na kiwewe, kiwango kikubwa kuliko cha wenzao. Utafiti ni mdogo, ila una funzo zito: kuheshimiwa kwa mila hakumkingi msichana na kiwewe.

Tena maumivu haya yana sura ya nyumbani. Anayemwandaa mtoto ni mama, shangazi au bibi, yaani yule yule ambaye angemkimbilia akiumizwa na mwingine. Naye anayetoroka huokoa mwili wake, lakini huitwa msagane, yaani asiyekeketwa, huambiwa ana nuksi, na hukaa mbali na wadogo zake bila kujua kama atapokewa tena.

Tangu 1998 sheria ya Tanzania inatoa kifungo cha miaka 5 hadi 15 kwa anayemkeketa msichana wa chini ya miaka 18. Hata hivyo, kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa 2022, asilimia 28 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Jela pekee haitibu waliokwisha kuumizwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unapendekeza tiba ya kisaikolojia inayomsaidia mgonjwa kubadili fikra na mwenendo, kwa walio na wasiwasi, sonona au kiwewe.

Kwa hiyo nyumba salama zinahitaji washauri nasaha kama zinavyohitaji vitanda na chakula. Na shule zikifunguliwa Januari, mwalimu akimwona mwanafunzi aliyekuwa mchangamfu amenyamaza na alama zake zimeshuka, asimwite mvivu. Amwite faraghani, amsikilize, kisha amfikishe kwa anayeweza kumtibu.