Pikipiki Iliyotengenezwa Upya Lakini Bado Yala Oili

Mkulima amekwisha kumlipa fundi. Injini ya pikipiki imefunguliwa, silinda imechongwa, pistoni na ringi mpya zimetiwa. Baada ya majuma mawili moshi watoka tena, na oili yapungua kama kwamba hapakufanywa kazi yo yote. Fundi asema, "Lete ringi nyingine." Je, mkulima atoe fedha mara ya pili? Jibu letu ni kwamba asitoe hata senti moja mpaka ajue moshi huo hutoka wakati gani.

Katika ofisi ya kilimo twaulizwa habari za pikipiki karibu sawa na habari za ng'ombe, wala si ajabu. Katika maskimu mengi, tangu Kinangop mpaka Lugari, maziwa ya asubuhi huenda kwa chama cha ushirika juu ya pikipiki. Ikikwama njiani, maziwa huchacha. Tena injini ndogo ya cc 100 au 150 huchukua oili kama lita moja tu, basi ikila nusu yake bila mwenyewe kujua, chuma husaga chuma, na hasara yake ni kubwa kuliko bei ya ringi.

Kwanza tazama rangi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi, na mvuke mweupe wa asubuhi ya baridi unaotoweka upesi ni maji tu. Halafu pima. Jaza oili mpaka alama ya juu, pikipiki ikiwa imesimama wima mahali palipo sawa, uandike kilomita. Baada ya kilomita 500 jaza tena kwa chupa ya soda ya mililita 300, nawe utajua hasa imekula kiasi gani. Neno "inakula sana" halimsaidii fundi. Angalia pia kama oili ilizidishwa tangu mwanzo, maana oili ikipita alama ya juu husukumwa nje kwa mpira wa kupumulia, nayo huenda kuungua hali injini haina kosa. Mpira huo ukizibwa na matope mambo huwa yale yale.

Sasa twaja kwenye kiini cha habari. Mwombe mtu asimame nyuma ya pikipiki atazame.

Ikiwa moshi hutoka asubuhi tu, unapopiga kiki mara ya kwanza, kisha hukoma, basi usiilaumu ringi. Usiku kucha oili imedondoka polepole kupitia sili za vali zilizo katika kichwa cha silinda. Sili hizo ni vipira vidogo vya bei nafuu, na mafundi wengine huziacha zile kuukuu wakati wa kutia pistoni mpya. Wengine hutia mpya, lakini huzichana kwa ncha kali ya mti wa vali. Kazi ya kuzibadili haihitaji kung'oa silinda.

Ikiwa moshi hutoka baada ya kuteremka mlima mrefu mkono wa petroli ukiwa umefungwa, na mara tu unapoufungua wingu la buluu hutokea nyuma, shuku sili hizo hizo pamoja na vibomba vya chuma ambamo miti ya vali hupita. Mteremko ule huifanya injini ivute kwa nguvu, nayo hunyonya oili panapo nafasi. Vali ikitikisika ovyo ndani ya kibomba chake, sili mpya haitadumu.

Lakini ikiwa moshi hutoka daima, na huzidi unapopanda mlima na mikebe ya maziwa, hapo ndipo penye neno la ringi na silinda. Fundi mwenye geji ya kupimia mgandamizo aipime injini, kisha atie kijiko kimoja cha chai cha oili katika tundu la plagi, apime tena. Kipimo kikipanda sana, ringi hazizibi. Kisipopanda, na kilikuwa kidogo tangu mwanzo, vali hazikai vema. Angalia hapa: kipimo kizuri hakithibitishi kwamba ringi zote ni njema. Zile mbili za juu ndizo zizuiazo mgandamizo, na ya tatu kazi yake ni kufuta oili. Ya tatu ikikosewa, geji haitasema neno.

Na hiyo ya tatu hukosewa mara nyingi. Katika injini nyingi ni vipande vitatu, viwili vyembamba na kimoja kilichokunjwa kunjwa katikati. Ncha za hicho cha katikati zapasa kugusana, zisipandiane. Zikipandiana, pikipiki hula oili tangu siku ya kwanza. Vile vile ringi zenye herufi ubavuni hutiwa herufi ikitazama juu, na mianya yake haipangwi mstari mmoja. Fundi aisukume kila ringi ndani ya silinda kwa pistoni, apime mwanya wake. Katika injini nyingi za ukubwa huu huwa karibu 0.15 mpaka 0.35 mm, lakini kitabu cha pikipiki yako ndicho kiamuacho. Una haki ya kusimama hapo na kutazama.

Ringi mpya katika silinda kuukuu inayong'aa kama kioo hazikai. Silinda yataka mikwaruzo midogo iliyopishana, na baada ya kuchongwa yapasa kuoshwa kwa maji moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Petroli peke yake huacha unga wa jiwe la kuchongea, na unga huo huzila ringi mpya. Vumbi la barabarani lafanya vivyo hivyo chujio la hewa likitoboka.

Wengine huiachia injini mpya ingurume saa nzima imesimama, wakidhani waihurumia. La, iendeshe mwendo wa kubadilika badilika, bila mzigo mzito, bila kuikaza mpaka mwisho. Oili ya kwanza uimwage mapema, kilomita 300 mpaka 500, kwa kuwa imebeba chembe za chuma. Uikusanye katika debe, isifike kisimani wala mferejini, wala usiwapake ng'ombe kwa ajili ya kupe. Kupe wana dawa yao.