Chupa ya Mafuta Haimkuzi Kuku

Wafugaji wa Wajir wamelirudia swali hili hadi limechosha: kuku wa nyama atiliwe vijiko vingapi vya mafuta kwenye chakula ili anenepe kabla ya wiki ya sita? Wapo wenye mafuta yaliyobaki kwenye karai la sambusa, wapo wenye mafuta ya nundu ya ngamia. Swali lenyewe limeanzia pabaya. Nyama hujengwa kwa protini, na mafuta ya kubahatisha humpunguzia kuku protini hiyo hiyo. Chukua gramu 950 za chakula cha vifaranga chenye protini asilimia 22 na nishati ya kilokalori 3,000 kwa kilo, uongeze gramu 50 za mafuta. Protini inashuka chini kidogo ya asilimia 21, nishati inakaribia 3,300. Kifaranga aliyekuwa akipata gramu 73 za protini kwa kila kilokalori 1,000 sasa anapata kama 64. Nishati nyingi humfanya ale kidogo, kwa hiyo asidi amino ya lisini, kalsiamu na vitamini navyo vinapungua. Uzito ukipanda, sehemu kubwa ni mafuta ya tumboni, ambayo mpishi huyang'oa na kuyatupa.

Watasema: mbona viwanda hutia mafuta, tena husemwa yanafaa penye joto? Ni kweli. Mwili hutoa joto kidogo unapotumia mafuta kuliko unapotumia wanga au protini, na Wajir, ambako joto hupita nyuzi 35 mara kwa mara, hilo si jambo dogo. Lakini kiwanda kikiongeza mafuta hupandisha na protini, kikatia vitamini E na dawa ya kuzuia mafuta yasichache. Mwenye chupa huongeza mafuta basi. Asidi linoleiki, ambayo kuku hawezi kujitengenezea, inatakiwa asilimia 1 tu ya chakula, na mahindi yaliyomo humo kwa kawaida huitosheleza. Kapsuli za mafuta ya samaki nazo hubadilisha aina ya mafuta yaliyo ndani ya nyama kuliko zinavyoongeza uzito, na zikizidi nyama hunuka samaki.

Mafuta ya nundu ni mabaya kwa kifaranga. Ngamia hucheua, na vijidudu vya tumboni mwake hugeuza asidi za mafuta ya majani kabla hazijaingia mwilini, ndiyo maana mafuta yake huganda. Kifaranga wa siku chache hana nyongo ya kutosha kuyasaga, basi hutoka na kinyesi na kulifanya tandiko liwe la kunata. Ya karai yamekwisha kuungua na kuchacha. Humaliza vitamini E mwilini. Hapo kifaranga wa wiki mbili hadi nne anaweza kuanguka ubavu, kichwa kimepindia nyuma, miguu inapigapiga. Mwenye kuku hupiga kelele kwamba ni kideri, kumbe ni ubongo ulioharibika. Kideri nacho hupinda shingo, kwa hiyo daktari wa mifugo ndiye wa kuamua, si jirani.

Ukishikilia kutia mafuta, tia ya mboga, mabichi, yasiyozidi asilimia 2, baada ya wiki ya pili, uchanganye ya kuliwa siku hiyo hiyo. Kwanza soma tarehe ya gunia: lililosafiri hadi Wajir likakaa chini ya mabati ya moto lina mafuta yaliyoanza kuchacha hata usipoongeza tone. Liweke juu ya mbao, kivulini, penye hewa. Kwa ajili ya joto, ondoa chakula saa nne asubuhi, kirudishe saa kumi jioni, washa taa usiku wale. Punguza idadi ya kuku bandani. Maji yawe ya baridi, yabadilishwe mchana; ya kisima yakiwa na chumvi kali, tafuta mengine. Na fedha za chupa hiyo kaongezee kwenye gunia jipya la chakula.