Hati, Vyeti na Risiti: Kipi Kikae Kwenye Faili, Kipi Kwenye Simu

Kutunza karatasi nyumbani huonekana hakuna gharama, mpaka ipotee. Ukipoteza hati ya kiwanja Tanzania, safari inaanzia polisi kwenye ripoti ya upotevu, inapita kwa wakili kwa ajili ya kiapo, inafika kwenye tangazo gazetini, kisha unasubiri mwenye pingamizi ajitokeze. Kila hatua ina ada na nauli yake. Cheti cha kuzaliwa kina unafuu, kwani RITA, wakala wa usajili wa vizazi, wana kumbukumbu zao. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya kutunza, uliza bei ya kupoteza.

Kwa upande wa karatasi, faili la plastiki lenye mifuko linatosha. Pwani adui ni unyevu, bara ni mchwa, na mabondeni ni mafuriko, kwa hiyo liweke juu ya kabati, si chini ya kitanda. Usikubali kupigiwa laminesheni hati halisi: ukitaka kuibandua baadaye utaiharibu, na zipo ofisi zinazoikataa.

Risiti za mashine ya EFD ni habari nyingine. Karatasi yake huandikwa kwa joto, si kwa wino, hivyo maandishi hufifia yenyewe. Umenunua friji yenye dhamana ya mwaka mmoja? Ipige picha risiti siku hiyohiyo. Hapa simu inaishinda karatasi bila ubishi.

Na simu ni nafuu kuliko wengi wanavyodhani. Google hutoa GB 15 bure. Ukurasa mmoja ulioskaniwa kwa simu mara nyingi hauzidi MB moja au mbili, kwa hiyo vyeti vya familia nzima havitajaza hata sehemu ndogo ya nafasi hiyo. Sioni sababu ya kulipia zaidi kwa kazi hii. Flashi ifanye akiba ya pili tu, kwa sababu hupotea kirahisi na kuambukizwa virusi kwenye kompyuta za watu.

Gharama ya kidijitali iko kwenye usiri. Tazama steshenari ya mtaani: watu wanatuma kitambulisho cha NIDA kwa WhatsApp ili kichapishwe, wanalipa, wanaondoka, na faili linabaki pale. Simama hapo mpaka lifutwe. Bora zaidi, skani mwenyewe. Ukituma, tuma kama dokumenti, maana picha ya kawaida ya WhatsApp hupunguzwa ubora.

Kisha kuna laini. Kama msimbo wa kuingia kwenye akaunti huja kwa namba uliyoacha kuitumia, namba hiyo inaweza kupewa mtu mwingine, nawe ukafungiwa nje. Akaunti ya Google isiyoguswa kwa miaka 2 pia inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo.

Tanzania imetambua kumbukumbu za kielektroniki kwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, lakini benki ikikukopesha kwa dhamana ya nyumba itashika hati yenyewe, si picha yake. Hivyo hati, vyeti vya shule, cha ndoa na wosia vibaki kwenye karatasi, vikiwa na nakala kwenye simu. Risiti, mikataba ya kupanga na bili, simu inatosha. Na mwambie mwenzi wako au mwanao mkubwa faili liko wapi na akaunti inafunguliwaje.