Mambo manne kutoka kazi ya matangazo, kabla hujasponsa posti yako



Kuna kitu kinajirudia sana kwenye kurasa zetu. Mtu anapiga picha ya mchele, anaandika "Mchele mzuri sana wa Ifakara, bei chee, njoo inboksi", halafu anasponsa. Hela inakatwa, laiki zinakuja, oda hamna. Na hela yenyewe imetoka kwenye mtaji wa mzigo unaofuata.

Sasa jiweke upande wa mteja. Yuko Dar au Dodoma. Anatakiwa atume hela kwanza, kwa mtu ambaye hajawahi kumuona, halafu akae asubiri kiroba kishuke kwenye basi. Tangazo lako lina kazi moja tu: kumpa sababu ya kukuamini. Watu wa matangazo walishahangaika na jambo hili miaka mingi, na waliyojifunza hata sisi wa Kibaoni tunaweza kuyatumia.

1. Ijue bidhaa kwanza, maneno yatakuja

David Ogilvy alikuwa Mwingereza. Aliondoka chuo kikuu cha Oxford bila shahada, akawa mpishi kwenye hoteli moja Paris, kisha akaenda kuuza majiko ya Aga nyumba kwa nyumba kule Scotland. Aliuza vizuri mpaka mwaka 1935 kampuni ikamwambia awaandikie wauzaji wenzake kijitabu cha namna ya kuliuza jiko hilo. Mwaka 1948 akafungua kampuni ya matangazo New York, na ikaja kuwa moja ya zinazojulikana zaidi duniani.

Angalia mpangilio wake. Kwanza alipika, akauza kwa mdomo mlangoni mwa watu, ndipo akaandika. Wewe unayeuza mchele, je, unajua ni Supa au SARO? Ni wa msimu huu au wa mwaka jana? Una chenga kiasi gani? Ukipikwa unataka maji mengi au kidogo? Kama hujui, uliza shambani na mashineni, halafu pika ule. Usipojua hayo utaishia kuandika "mzuri sana", na kila mtu anaandika hivyo.

2. Taja anachokitafuta mteja, usianze na unachojivunia wewe

Mwaka 2005 Kenya, M-Pesa ilijaribiwa kwa wateja wasiofika 500. Lengo la mwanzo lilikuwa watu walipe marejesho ya mikopo kwa simu. Kwenye majaribio ikaonekana watu wanaitumia kwa mambo yao mengine, ikiwemo kutumiana pesa wao kwa wao. Safaricom ilipoizindua rasmi Machi 2007, tangazo halikueleza teknolojia. Lilibeba maneno matatu ya Kiingereza, ambayo kwa Kiswahili ni "tuma pesa nyumbani". Mtu anayefanya kazi Nairobi na mama yake yuko kijijini alielewa hapo hapo.

Hata mpiga debe wa stendi analijua hili. Hakuelezi injini ya basi, anakutajia unakokwenda.

Kwa hiyo jiulize mteja wako anaenda wapi na huo mchele. Mama ntilie anataka wali unaochambuka na sufuria ijae. Mwenye shughuli anataka wageni wasifie pilau. Hao ni wateja wawili tofauti, waandikie posti mbili tofauti.

3. Weka jambo linaloweza kuhakikiwa

Ogilvy tena. Alipopewa kazi ya kutangaza gari la Rolls-Royce, mwishoni mwa miaka ya 1950, anasema alitumia wiki tatu kusoma habari za gari hilo kabla ya kuandika. Hakuandika "gari zuri, limetulia". Aliandika kwamba likiwa kwenye mwendo wa maili 60 kwa saa, sauti kubwa kuliko zote ndani ni ya saa ya umeme. Msomaji anamalizia mwenyewe kwamba limetulia.

Kwetu sisi inaweza kuwa hivi: "Supa ya Ifakara, mavuno ya mwaka huu, imekobolewa Jumatatu. Haina mawe. Ni mpya, ukipika punguza maji kidogo. Kiroba kilo 25." Hapo weka bei, weka nauli ya basi mpaka stendi ya Magufuli Mbezi, weka siku mzigo unapoondoka. Bei ya kufichwa inboksi inamfanya mteja ahisi anapimwa mfuko.

Na kiwe kweli. SARO ni mchele mzuri, una wateja wake. Lakini ukiuchanganya na Supa halafu ukaandika Supa tupu, mteja atajua siku akibandika sufuria. Umepata hela ya kiroba kimoja, umepoteza viroba vya mwaka mzima. Na tusisahau, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja kwenye biashara. Tangazo la mtandaoni nalo ni biashara.

4. Hesabu oda, laiki hazilipi nauli

Mmarekani Claude Hopkins aliandika kitabu mwaka 1923 akisisitiza kupima matangazo. Matangazo ya gazetini yaliwekewa kuponi ya kukata na kutuma, yenye alama ya kuonyesha imetoka kwenye tangazo lipi. Kuponi zikirudi, zinahesabiwa, tangazo linaloleta wateja linabaki na lililolala linaachwa.

Sisi tuna daftari, linatosha. Weka posti mbili bila kulipia. Ya kwanza andika "ukiagiza taja neno WALI", ya pili "taja neno PILAU". Kwa wiki moja andika nani kataja nini na nani kalipa kweli. Iliyoleta waliolipa ndiyo ya kusponsa, tena anza na hela ndogo. Kila ukibadilisha, badilisha kitu kimoja: picha au maneno, sio vyote, maana hutajua kipi kimesaidia.

Kazi ya leo: fungua posti yako ya mwisho, futa kila neno ambalo hata jirani anayeuza mchele mbovu angeweza kuliandika. Yaliyobaki ndiyo tangazo lako. Kama halijabaki neno hata moja, nenda kwenye gunia, chota mchele mkononi, uangalie vizuri, uanze kuandika upya.