Mji Usio na Mto

Katika vitabu vya historia tulivyosomeshwa shuleni, ustaarabu huzaliwa kando ya mto. Misri ina Nile, Sumeri ina Furati na Hidekeli, Mohenjo-daro ina Indus. Mto hufurika, huacha tope, tope hulea nafaka, na nafaka hulisha mafundi, makarani na wafalme. Kanuni hiyo ina ukweli mwingi. Lakini keti jioni ufuoni pale Mama Ngina, kisiwani Mombasa, mhogo wa kukaanga mkononi, meli zikipita mbele yako kuingia bandari ya Kilindini, kisha uutafute mto wa mji huu. Hupati hata kijito. Kisiwani hapana bonde la mboji, wala hapakuwahi kuwa na uwanda wa nafaka wa kulisha mji. Hata hivyo watu wameishi kimji hapa kwa takriban miaka 1,000. Wamewezaje?

Jibu linaanzia chini ya miguu yako. Jabali la Mama Ngina, lile linalopigwa na mawimbi pale chini, ni mwamba wa matumbawe yaliyokufa. Vijidudu vya baharini viliujenga zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Baadaye dunia ikaingia kwenye baridi kali. Maji mengi yakaganda kuwa barafu nene juu ya nchi kavu, na miaka 20,000 hivi iliyopita usawa wa bahari ulikuwa umeshuka kwa karibu mita 120. Mito ya bara, wakiwemo wazazi wa Mwache na Kombeni wa leo, ikalazimika kukata mwamba ili ifike ufuoni mbali kule. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikarudi na kuyafunika yale mabonde. Mlango wa Kilindini unaoutazama ni bonde la mto lililozama. Kumbe mto ulikuwapo. Ukafa maji, ukaacha bandari na kisiwa.

Bandari peke yake haikati kiu. Pwani hii ina hori nyingi zenye maji mazuri ya kutia nanga ambazo hazikuwahi kuwa miji. Kwa maoni yangu, swali la kwanza kuuliza juu ya mji wowote wa kale wa Waswahili lisiwe nani aliuanzisha, Mshirazi au mwenyeji. Liwe hili: walikunywa nini?

Mvua ya Mombasa, ambayo kwa mwaka wa kawaida hupita milimita 1,000, haipati muda wa kutiririka juu ya ardhi. Mwamba wa matumbawe umejaa matundu, hivyo maji huzama moja kwa moja. Huko chini hukutana na maji ya bahari yaliyopenya kutoka pande zote za kisiwa. Maji ya chumvi ni mazito kidogo kuliko ya mvua, kwa asilimia kama 2.5, na tofauti hiyo ndogo yatosha: maji matamu huelea juu ya maji chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, wataalamu wawili wa Ulaya, Badon Ghijben na Herzberg, kila mmoja kivyake, walikokotoa kipimo chake. Kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo.

Hesabu hiyo ni neema, na ni mtego pia. Ukiteka kupita kiasi hata uso wa maji ukashuka kwa sentimita 10 tu, chumvi huko chini hupanda taratibu kwa kiasi cha mita 4. Kisima kirefu mno huchota bahari. Mji wa kisiwani kwa hiyo hauwezi kuishi kwa kisima kimoja kikubwa. Unahitaji vingi vifupi, vilivyotawanyika, vinavyotekwa kwa kiasi.

Na ndivyo alivyovikuta msafiri Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 akielekea Kilwa. Alilala usiku mmoja tu, lakini jicho lake lilikuwa kali. Aliona misikiti ya mbao iliyojengwa imara, na kwenye kila mlango wa msikiti kisima kimoja au viwili. Watu walichota kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba wa urefu wa dhiraa, na kila aliyetaka kuingia alinawa miguu kwanza. Msomaji aliyekulia pwani ataitambua kata mara moja. Kata huchota kidogo, na kwa maji yanayoelea juu ya chumvi, kuchota kidogo ni uhandisi. Wazee hawakuwa na kanuni ya Ghijben. Walikuwa na ulimi, na ulimi huonja chumvi mapema. Msikiti nao ulikuwa taasisi ya maji kama ulivyokuwa taasisi ya ibada: palipo na udhu pana kisima, na kisima cha wakfu kina wa kukitunza.

Palipokosekana uwiano, huenda mji ulilipa. Kule Gedi, ng'ambo ya Kilifi, mwanaakiolojia James Kirkman alipochimba magofu ya mji wa kale kati ya miaka ya 1940 na 1950 aliona kuwa kisima kilichokuwa nje ya Msikiti Mkuu kiliwahi kuchimbuliwa tena kwenda chini zaidi. Maji yalikuwa yakikimbia. Wataalamu hawajakubaliana Gedi iliachwa kwa sababu ipi, na vita vimo kwenye orodha, lakini mimi ule mchimbuo wa pili naona unazungumza.

Mwamba uliochuja maji ndio uliotoa nyumba. Tumbawe lililo hai, likikatwa baharini maji yakiwa yamekupwa, ni laini hata kisu huingia. Likikauka hewani hushupaa. Hilo ndilo la nakshi: mihrabu, miimo ya milango, zidaka za ukutani. Maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ya mwaka 1107, yalichongwa humo. Kuta zenyewe zilijengwa kwa mawe magumu ya nchi kavu, yakashikwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya lundo la magogo. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na hapa msitu uliamuru ramani ya nyumba: boriti haivuki salama zaidi ya mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vya kale ni vyembamba na virefu, hata vya tajiri. Wareno walioivamia Mombasa mwaka 1505 chini ya Francisco de Almeida waliandika juu ya nyumba za ghorofa na vichochoro vyembamba. (Nyumba nyingi unazoziona leo Mji wa Kale ni za karne ya 19 na baada yake. Tusizipe umri zisionao.)

Tukija kwenye biashara ya bahari, upepo unajulikana vya kutosha: kaskazi huleta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi kuanzia Desemba, kusi huvirudisha kuanzia Aprili. Lisilosemwa sana ni kwamba chombo huamua bandari ipi ni bora. Majahazi mengi yalipendelea upande wa Mvita, ilipo Bandari ya Kale. Kilindini na kina chake kirefu kilingoja meli za moshi. Reli ya Uganda ilianza kujengwa mwaka 1896, na gati za maji ya kina zikaja miaka ya 1920. Bahari haikubadilika, kilichobadilika ni chombo. Kabla ya hapo upande huu wa Mama Ngina na Mbaraki ulikuwa na mji wake, Kilindini, ambao Wareno waliuandika Tuaca. Ulikuwa mji wa Taifa Tatu, muungano wa makabila matatu ya Waswahili wa Mombasa, na nguzo ya Mbaraki iliyoinama bado imesimama karibu.

Chakula je? Ibn Battuta analisema bila kuficha: kisiwani hapakulimwa nafaka, zililetwa kutoka bara. Watu walikula ndizi na samaki, na kulikuwa na ndimu na malimau. Mji huu, basi, haukuwahi kujitosheleza hata siku moja. Uliishi kwa jirani. Wakulima wa nyuma ya pwani, mababu wa Wamijikenda, walitoa mtama na pembe. Mji ukatoa nguo, shanga na samaki. Hata bahari ilichukua muda kuzoeleka: katika tabaka za mwanzo za machimbo ya mji wa kale wa Shanga, kisiwani Pate, mifupa ya samaki ni ya wale wa mikokoni na miambani, na wale wa maji ya mbali huongezeka baada ya mwaka 1000 hivi.

Damu inasimulia ujirani huohuo. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mabaki ya watu 80 wa kale, wengi wao kutoka miji ya pwani kama Mtwapa, Manda na Kilwa. Wengi wa hao wa pwani walikuwa na zaidi ya nusu ya asili yao kutoka kwa mababu wa Kiafrika, hasa wanawake, ikachanganyika na asili ya Kiasia, hasa ya wanaume kutoka Uajemi, kuanzia karibu mwaka 1000. Mgeni alikuja na upepo, akaoa penye kisima na shamba.

Leo Mombasa hunywa maji ya mbali. Bomba la Mzima, lililokamilika mwaka 1957, huyaleta kutoka Tsavo, zaidi ya kilomita 200. Mwamba ule wenye matundu unaochuja mvua hauzuii uchafu wa vyoo vya shimo, na visima vingi vya kisiwani vimeharibika kwa kinyesi au kwa chumvi. Bahari nayo inapanda, na ikipanda hupunguza nafasi ya maji matamu. Bomba likikauka, mikokoteni ya mitungi hupita mitaani, na watu hurudi kwenye visima vilevile walivyovisahau.

Ukiwa na kisima cha wazee uani kwako, usikifukie kwa kifusi cha ujenzi. Kifunike, peleka maji yake yapimwe, usiyanywe kabla ya majibu, na uulize choo cha jirani kiko umbali gani.