Paa Likioshwa, Pawe na Mtu wa Chini

Kuanzia Januari mpaka mwanzoni mwa Machi, kabla masika hayajaingia, Tanga huwa na msimu wake wa kuosha mapaa. Jua limekausha vigae, na weusi ulioota tangu mvua zilizopita unaonekana hata ukiwa barabarani. Mafundi wanapanda ngazi na madumu ya klorini. Mimi ninaotesha miche na kutunza bustani za watu upande wa Raskazone, na huo ndio msimu ninaopigiwa simu kwamba asumini imeungua, au mkrotoni umepukutisha majani yote, njoo uangalie. Nikifika, kabla sijagusa jani, nanyanyua kichwa. Mara nyingi paa linang'aa.

Kwa kila mwenye nyumba anayepanga kazi hiyo nina ombi moja: usimlipe fundi wa juu peke yake. Mlipe na mtu wa chini, mwenye mpira wa maji mkononi, ambaye siku hiyo hana kazi nyingine ila mimea.

Ule weusi si moshi wala vumbi. Ni viumbe hai, mwani na kuvu wadogo mno, wanaopenda unyevu wa pwani. Vigae vya udongo vya nyumba za zamani, vile vya Mangalore vilivyoletwa kwa meli kutoka India, vinafyonza maji, kwa hiyo wanakaa humo raha mustarehe. Dawa inayowaua haraka ni hipokloraiti ya sodiamu, yaani maji ya klorini. Jik ya dukani ina takriban asilimia 3.5 ya dawa hiyo. Ile ya mabwawa ya kuogelea inafika 10 hadi 12. Fundi akitumia ya bwawa na kukadiria maji kwa macho, mwenye nyumba hajui kabisa ni kitu cha ukali gani kinachochuruzika ukutani kwake.

Dawa hiyo haichagui. Inavyomvunja mwani juu ya kigae ndivyo inavyolivunja jani. Tone likikaukia juu ya jani la asumini kwenye jua la saa saba, linaacha doa jeupe lenye ukingo wa kahawia. Baada ya siku mbili tatu doa limekauka kiasi kwamba ukiligusa kwa ukucha linatoboka. Chembe ya klorini ya unga isiyoyeyuka ni mbaya zaidi, maana inanasa pale jani linapoungana na shina na kuendelea kuchoma kila umande unapoilowesha.

Lakini majani ndiyo hasara ndogo. Litaanguka hili, litachipua jingine. Hasara kubwa iko kwenye mizizi. Klorini ikishamaliza ukali wake, kinachobaki ni chumvi. Kwenye mchanga, maji mengi yataisukuma chini. Kwenye mfinyanzi, sodiamu inang'ang'ania udongo, udongo unashikamana na kuwa mgumu, maji yanatuama juu na mizizi inakosa hewa.

Mahali pa hatari kuliko pote ni mdomo wa bomba la gata. Nyumba moja niliyoitwa, fundi alikuwa amefunika maua ya barazani kwa turubai, kazi safi kabisa. Hakuna ua la barazani lililodhurika. Kilichokufa ni mlangilangi wa kwenye kona ya nyuma, mti ambao marehemu mama wa mwenye nyumba aliupanda mwenyewe, kwa sababu bomba la gata lilikuwa linamwaga shinani pake. Dawa ya nusu nzima ya paa ilikusanywa ikapelekwa kwenye mti mmoja. Bibi mwenye nyumba aliniuliza, "Mwanangu, mbona huku nyuma hakuna aliyepanda?" Hakuna aliyepanda, lakini gata lilifika.

Ndiyo maana nasisitiza mtu wa chini. Kazi yake inaanza asubuhi kabla dumu halijafunguliwa. Anamwagilia kila kilicho chini ya mchirizi wa paa, majani na udongo, mpaka udongo ushibe kabisa. Udongo uliojaa maji safi hauna nafasi kubwa ya kupokea dawa, na jani lililolowa linaipunguza makali pale pale. Kisha anafunga bomba la gata kwa mfuko mgumu, au analiwekea pipa, na kila linapojaa anayachanganya maji hayo na maji mengi mengine na kuyamwaga mbali na mimea, mbali na kisima, mbali na bwawa la samaki. Fundi akiwa juu, wa chini haachi kusuuza. Dawa ikishasuuzwa kwenye vigae, yeye bado ana kazi ya kumwagilia kwa kina, na kurudia kesho yake.

Turubai si baya, ila nalionea shaka. Mmea uliofunikwa nailoni kwenye jua la Februari unaiva. Ukilazimika kufunika, tumia magunia au shuka kuukuu zilizoloweshwa, na uzitoe mara tu kazi inapokwisha. Na anza mapema: alfajiri upepo umetulia, na majani hayajapata joto. Upepo wa bahari ukishaanza kuvuma, matone yanahamia kwa jirani, na jirani hakuajiri fundi.

Kuna jambo moja la hatari kwa watu wenyewe, wala si kwa mimea tu. Usijaribu kuua klorini kwa siki au ndimu. Kitu kichachu kikikutana na dawa hiyo kinatoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inaunguza mapafu. Maji mengi yanatosha.

Wapo wanaokwepa klorini na kutumia mrututu. Hapo nasema hapana moja kwa moja. Klorini huisha, shaba iliyomo kwenye mrututu haiozi wala haipotei, inakaa udongoni ikirundikana mwaka hadi mwaka, na ikifika majini inaua samaki. Zinki nayo inazuia weusi. Tazama paa la vigae lililowekwa kipande cha bati juu: chini ya bati hilo mara nyingi unashuka mstari msafi, kwa sababu mvua inachota zinki kidogo kidogo na mwani hauipendi.

Kama nyumba inakinga maji ya mvua ya kunywa, mimi ningeacha dawa kabisa. Brashi ngumu na maji, wakati wa kiangazi, fundi akiwa amefungwa kamba kwa sababu vigae vilivyoota mwani vinateleza vibaya. Itachukua muda mrefu zaidi, na weusi utarudi mapema zaidi. Mashine ya maji ya msukumo mkubwa siipendi, inakwangua uso wa kigae na kukifanya kifyonze zaidi. Ukiamua kutumia dawa, chomoa bomba la tangi kabla fundi hajapanda, na usilirudishe kwa mvua ya kwanza. Milimita 10 za mvua juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 1,000, na hizo ndizo zitakazobeba mabaki. Maji hayo yaelekeze barabarani, siyo kwenye mchicha.

Na kama yameshatokea? Usikate kitu kwanza, wala usitie mbolea ya dukani; hiyo nayo ni chumvi, unaiongeza juu ya chumvi. Mwagilia kwa kina, acha maji yashuke, mwagilia tena. Kwenye mfinyanzi, nyunyiza jasi juu ya udongo kabla ya kumwagilia, kalisi yake inaisukuma sodiamu itoke. Baada ya wiki mbili au tatu, kwaruza gome la tawi kwa ukucha. Ukiona kijani chini yake, tawi li hai, liache hata kama halina jani. Ukiona kahawia kavu, shuka chini kidogo, kwaruza tena, mpaka ukutane na kijani, na hapo ndipo pa kukata. Kahawia ikikufikisha mpaka shinani, ng'oa, suuza shimo kwa maji mengi na ulijaze udongo mpya kabla hujaja kwangu kuchukua mche mwingine.